Injini Inapotetemeka Kwenye Foleni: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Spea

Kesho asubuhi ukiwa umekwama Ubungo au Mwenge, fanya jaribio dogo. Weka chupa ya maji iliyojaa nusu kwenye kishikio cha kikombe, gia iwe D, mguu ubaki kwenye breki, kisha tazama uso wa maji. Gari lenye afya huyapa maji viwimbi vyembamba ambavyo lazima ukaze macho ili uvione. Gari linaloumwa huyarusharusha. Kioo cha ndani kinakuonyesha daladala moja kama mbili, usukani unakukung'uta vidole, na mtoto aliyesinzia nyuma kichwa chake kinagongagonga mlango. Ukigusa mafuta kidogo, kila kitu kinatulia. Ukiachia, ngoma inaanza upya.

Hali hiyo ya injini kuwaka bila mguu kukanyaga mafuta ndiyo mafundi wetu wanayoiita sailensi. Lalamiko la gari kutetemeka kwenye sailensi ni la kila siku kwa wenye SUV za familia zilizoagizwa Japan zikiwa zimetumika: RAV4, X-Trail, CR-V, Vanguard, Harrier. Nyingi zina miaka kumi na tano na zaidi. Raba zimekauka, mipira ya hewa imekakamaa, na plagi hakuna anayekumbuka zilibadilishwa lini. Kwa kuwa mtetemo ni mmoja lakini vyanzo vyake ni vingi, wengi hutibiwa kwa ramli: leo plagi, wiki ijayo koili, mwisho wa mwezi mauntingi, na maji kwenye chupa bado yanacheza.

Mwongozo huu una shabaha moja: ujue ugonjwa ulipo kabla hujatoa hela ya spea. Vipimo vya mwanzo vinahitaji macho, masikio, simu ya kurekodia na msaidizi mmoja tu.

Swali la kwanza: nani analeta fujo?

Injini yoyote hutetemeka. Kazi yake ni kulipua mafuta, na kila mlipuko ni pigo. Kinachokufanya usiyasikie mapigo hayo ni mauntingi, yaani vile vipande vya raba na chuma vinavyoibeba injini na kuiunganisha na bodi. Kwa hiyo mtetemo ukizidi, kuna mambo mawili tu ya kuuliza. Je, injini imeanza kupiga vibaya? Au inapiga kama zamani, ila kilichokuwa kinayameza mapigo kimechoka?

Mkono wako unaweza kukusaidia kujibu. Chukua injini ya silinda nne inayozunguka mara 700 kwa dakika. Kila silinda hulipua mara moja katika mizunguko miwili, hivyo zote nne hutoa mapigo 1,400 kwa dakika, kama 23 kwa sekunde. Mapigo yaliyobanana hivyo huwezi kuyahesabu. Unayahisi kama mngurumo wa mfululizo, mfano wa simu iliyowekwa mtetemo. Sasa silinda moja ikikosa moto, kunatokea pengo mara 350 kwa dakika, karibu sita kwa sekunde. Hilo mwili unalihisi waziwazi: gari linadunda, linachechemea, kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua boneti, keti utulie uusikilize mtetemo wenyewe. Ukiwa wa mfululizo na laini, shuku mauntingi au kitu kinachogusana na bodi. Ukiwa wa kudunda usio na mpangilio, shuku injini: moto, hewa, mafuta au kompresheni. Mafundi husema gari linamisi. Toka nje usimame karibu na bomba la ekzosi, bila kuvuta moshi wake. Injini nzima hutoa pumzi sawasawa. Inayomisi hukatakata, puf, puf, kimya, puf.

Usilinganishe pia visivyolingana. Injini ya silinda nne kwa maumbile yake ina mtikisiko wa ziada ambao V6 haina. Ndiyo maana Toyota waliiwekea 2AZ-FE, ile ya lita 2.4 iliyomo kwenye RAV4 ya kizazi cha tatu na Vanguard, shafti maalumu za kusawazisha zinazozunguka kwa kasi mara mbili ya krenki. Ukitoka kwenye Harrier ya V6 ya shemeji yako ukaingia kwenye X-Trail yako ya lita mbili, tofauti utakayoisikia huenda si ugonjwa.

Vipimo vya bure ukiwa kwenye kiti

Endesha gari kama dakika 15 hadi injini ipate joto lake la kawaida. Liegeshe mahali tambarare penye hewa, vuta hendibreki, weka jiwe au kabari nyuma ya tairi. Zima kiyoyozi na taa. Chukua karatasi uandike mshale wa RPM unasoma ngapi na mtetemo ukoje katika kila hali: P, N, D na R, mguu ukiwa umekandamiza breki. Kisha rudia D ukiwa umewasha kiyoyozi, halafu taa kubwa, halafu ukizungusha usukani kidogo.

Injini ya petroli ya aina hii ikishapata joto kwa kawaida husimama kati ya 600 na 750 hivi. Ikiwa baridi asubuhi inaweza kuanza juu ya 1,000, hata 1,500, kisha ikashuka taratibu. Hilo halina ubaya. Soma majibu yako hivi:

Mtetemo uko sawa kwenye P, N, D na R. Tatizo liko ndani ya injini yenyewe au kwenye kinachoilisha.

Kwenye N kumetulia, kwenye D au R panatikisika, na RPM haijashuka kupita kiasi. Anza na mauntingi. Ukiweka gia huku umeshika breki, injini inajisokota dhidi ya mauntingi, na raba iliyopasuka inagusanisha chuma kwa chuma.

RPM inaporomoka chini ya 600 na gari linataka kuzima ukiweka D au ukiwasha kiyoyozi. Injini haipati hewa ya kutosha ya kubeba mzigo. Shuku throto bodi chafu kwanza.

Mshale unapanda na kushuka wenyewe. Shuku hewa inayoingia pasipo ruhusa, au throto bodi.

Gari linachechemea dakika ya kwanza ya asubuhi tu, kisha linapona. Usilidharau hili, tutalirudia mwishoni.

Mtetemo unakuja ukiwa kwenye mwendo wa 80 au 100. Huo si ugonjwa wa sailensi. Nenda ukapimishe tairi, rimu na shafti za magurudumu.

Angalizo moja: gari kutulia ukikanyaga mafuta hakuthibitishi kitu. Iwe mauntingi, iwe plagi, karibu kila chanzo hupungua makali mizunguko ikifika 1,500. Fundi akikuambia "unaona, imetulia, basi ni plagi," mwombe ushahidi mwingine.

Mauntingi, na vitu vinavyogusana

Kama vipimo vinaelekeza kwenye mauntingi, fungua boneti. SUV nyingi za aina hii zina injini iliyolazwa kwa upana na mauntingi nne: upande wa belti, upande wa giaboksi, mbele na nyuma. Pitisha tochi. Tafuta raba iliyopasuka, iliyoachana na chuma, au iliyolala upande mmoja. Baadhi ya mauntingi zina kimiminika ndani kinachosaidia kumeza mtetemo; ikivuja utaona mchirizi mweusi wenye unyevunyevu chini yake. Hiyo imekwisha hata kama raba inaonekana nzima.

Kipimo chenyewe ni hiki. Hakikisha hakuna mtu wala kitu mbele na nyuma ya gari. Msaidizi wako akandamize breki kwa nguvu, atie D, aguse mafuta kidogo kwa sekunde mbili, aachie, kisha afanye vivyo hivyo kwenye R. Wewe simama ubavuni, kamwe si mbele, na urekodi video ya injini. Kusogea kidogo ni kawaida. Ikiruka, ikiinama upande mmoja au ukisikia "du!" kila gia inapoingia, umeshapata mgonjwa wako. Fundi anaweza kuhakikisha zaidi kwa kuinyanyua injini kidogo sana na jeki yenye kipande cha ubao: mtetemo ukipungua, jibu limepatikana.

Unaponunua, fahamu mambo matatu. Mauntingi ya mtumba kutoka gari lililokatwa ina umri uleule wa ile unayoitoa, hata kama muuzaji ameipaka rangi nyeusi ikang'aa. Mauntingi ya raba tupu iliyofungwa mahali pa ile yenye kimiminika itaibeba injini, lakini mtetemo laini unaweza kubaki au hata kuongezeka. Na mpya ikifungwa injini ikiwa imesukumwa pembeni, raba inaanza kazi ikiwa imeshanyongwa. Mwambie fundi asikaze bolti za mwisho mpaka injini imeketi yenyewe mahali pake.

Kabla hujalipa chochote, kagua pia vitu vidogo vinavyoigiza ugonjwa wa mauntingi. Raba zinazoning'iniza ekzosi hukatika, bomba likaegemea bodi. Bati la kukinga joto hulegea likapiga kelele. Sahani ya chini ya injini iliyogongwa kwenye tuta huweza kugusa sampu. Boksi la eya klina lisilofungwa vizuri hutikisa upande mzima. Injini ikiwa imezimwa na ekzosi imepoa, lisukume bomba kwa mkono: likigonga chuma, huenda tiba yako ni raba moja ya bei ya chai.

Moto: plagi na koili

Kama gari linadunda, anza hapa, maana hapa ndipo penye kasoro nyingi na vipimo vyake ni rahisi. Mengi ya magari haya yana koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake.

Kama taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, soma kodi kwa mashine. P0300 ina maana silinda zinamisi bila mpangilio. P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenyewe, ya kwanza hadi ya nne. Kwenye Toyota za aina hii namba moja iko upande wa belti. Lakini ielewe vizuri: kodi inakutajia chumba chenye mgonjwa, haikutajii ugonjwa. P0302 haisemi "nunua koili ya pili." Inasema silinda ya pili haijalipua, na sababu inaweza kuwa koili, plagi, nozeli au vali. Jua pia kwamba baadhi ya magari ya soko la Japan ya miaka ya mwanzo ya 2000 hayazungumzi na vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu. Hapo utahitaji mashine kamili ya fundi.

Kama hakuna kodi, fundi anaweza kufanya kipimo cha kukata silinda. Injini ikiwa sailensi, anachomoa kiunganishi cha umeme cha nozeli moja kwa sekunde chache, anasikiliza, anarudisha, anahamia nyingine. Silinda nzima ikikatwa, injini inalalamika na RPM inashuka. Ukikuta moja ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika, hiyo ndiyo iliyokuwa imelala. Kukata kwa nozeli ni bora kuliko kukata koili, kwa sababu petroli isiyoungua haipelekwi kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Na usimruhusu yeyote aing'oe koili kutoka kwenye plagi injini ikiwa inawaka. Umeme wake hufikia maelfu kwa maelfu ya volti.

Ukishaijua silinda, tumia kanuni ya kuhamisha. Zima injini, ipoe. Kwa spana ya 10 fungua koili ya silinda mbovu uibadilishane na ya jirani. Washa. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, nunua koili moja. Usipohama, rudisha koili, hamisha plagi. Ugonjwa ukihama na plagi, nunua plagi. Usipohama na yoyote, koili na plagi hazina kosa, na umeokoa hela ya spea hizo zote.

Unapotoa plagi, isome. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ni mafuta mengi au moto dhaifu. Nyeusi yenye ulowevu wa oili ni oili inayopita. Nyeupe kama chaki ni joto kali au hewa nyingi kuliko mafuta. Ikiwa moja ina sura tofauti na zenzake tatu, silinda hiyo ina habari ya kukupa. Chungulia pia ndani ya shimo la plagi kwa tochi. Likiwa na oili, raba za kifuniko cha vali zimekwisha. Ukiweka koili mpya humo, nayo itaharibika.

Plagi za iridiamu hudumu muda mrefu, lakini sokoni za bandia ni nyingi, kwa hiyo nunua kwa mtu utakayeweza kumrudia. Soma namba yake: kwenye plagi za Denso na NGK, 11 iliyo mwishoni humaanisha pengo la milimita 1.1. Zifunge injini ikiwa baridi, anza kwa vidole, na usizikaze kwa hasira. Hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake hukatika.

Hapa niungame yangu. Niliwahi kulipeleka gari kuoshwa, kijana akaniuliza kama aoshe na injini, nikaona raha. Akapiga maji ya presha kila kona. Asubuhi yake gari likachechemea kama mbuzi aliyechomwa mwiba. Fundi wa kwanza akasema koili zote nne zimekufa. Mzee mmoja wa gereji ya jirani akazitoa, akapuliza mashimo ya plagi kwa upepo wa kompresa, yakatoka maji, akarudisha. Gari likatulia. Tangu siku hiyo injini yangu inafutwa kwa kitambaa.

Hewa: inayopungua na inayoibwa

Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo mno, ikipita ukingoni mwa kipepeo cha throto kilichokaribia kufungwa. Utando wa masizi usiozidi unene wa karatasi unatosha kuziba njia hiyo. Ndiyo maana throto bodi chafu huonekana kwenye foleni na kusahaulika barabara ikifunguka.

Kuisafisha ni kazi ya nusu saa. Zima gari, toa swichi, fungua mpira wa hewa, pulizia dawa ya throto kwenye kitambaa (usiimwage ndani), futa kipepeo na ukingo wake. Kipepeo cha umeme usikisukume swichi ikiwa imewashwa. Baada ya kusafisha au kuchomoa betri, sailensi inaweza kukaa juu kwa muda hadi kompyuta ijifunze upya. Toyota nyingi hujirekebisha zenyewe. Nissan mara nyingi huhitaji utaratibu maalumu wa kufundishwa sailensi kwa mashine. Kama fundi wako hana mashine hiyo, muulize atafanyaje kabla hajaigusa X-Trail yako. Na asiguse skrubu ya kipepeo ili "kuongeza sailensi." Huko ni kumpa mgonjwa dawa ya usingizi na kusema amepona.

Hewa inayoibwa ni ile inayoingia baada ya throto, mahali ambapo kompyuta haiijui. Mafundi husema inavuta eya. Kagua mipira midogo yote iliyoshika manifoldi, mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, mpira wa vali ya PCV na gasketi ya manifoldi. Sikiliza mlio wa kupuliza. Kodi ya P0171, inayosema hewa ni nyingi kuliko mafuta, huandamana na hali hii. Baadhi ya mafundi hupulizia petroli au dawa ya kabureta juu ya injini inayowaka wasikie kama mlio utabadilika; njia hiyo imeunguza magari. Chupa ya kupulizia maji, ikielekezwa kwenye mipira na mbali na koili, inaweza kukuonyesha tundu bila moto. Gereji yenye mashine ya moshi italiona tundu kwa dakika chache.

Malizia na eya klina na sensa ya hewa. Sensa hiyo ina waya mwembamba sana: isafishwe kwa dawa yake maalumu tu, isiguswe kwa kidole wala kitambaa.

Mafuta: mtuhumiwa anayeonewa

Kila gari linapomisi, lawama ya kwanza huenda kwenye sheli. Mara nyingine ni haki. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulifikia hatua ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaongeza tozo ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Kama gari lilianza kuchechemea ndani ya kilomita chache baada ya kujaza, tunza risiti, usijaze tena hapo, na mwombe fundi atoe mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo uangalie kama maji yamejitenga chini.

Kama tatizo limekua polepole kwa miezi, mafuta ya jana hayahusiki, fikiria nozeli. Nozeli iliyoziba hunyunyiza vibaya, na silinda yake inadhoofika kwenye sailensi. Dawa ya kumwaga kwenye tangi inaweza kusaidia uchafu mwepesi. Uchafu mzito unahitaji nozeli zitolewe, zisafishwe na zipimwe juu ya mashine zikinyunyiza kwa usawa.

Wenye RAV4 za kizazi cha pili kutoka Japan watazame jina la injini. 1AZ-FSE, ile yenye maandishi D-4, inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, haizioshi, na masizi hujijenga humo mpaka hewa inapita kwa shida. Injini hii inajulikana kwa sailensi isiyotulia kwa sababu hiyo. Dawa ya tangini haifiki kwenye vali hizo. Lazima manifoldi ifunguliwe na masizi yaondolewe kwa mkono. Presha ya mafuta kwenye mfumo huu ni kubwa mno, kwa hiyo asiufungue fundi wa kubahatisha.

Ndani kabisa: kompresheni

Moto upo, hewa ipo, mafuta yapo, na silinda ileile bado imelala? Sasa pimisha kompresheni. Fundi anatoa plagi zote, anazima mfumo wa mafuta, anafunga geji, anapiga stata huku mafuta yamekanyagwa mwisho. Kinachotafutwa zaidi ni usawa: silinda zisitofautiane zaidi ya bar moja hivi. Moja ikiwa chini, amimine kijiko cha oili ndani yake apime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, shuku vali au gasketi ya hedi.

Na lile gari linalochechemea asubuhi tu? Funua rejeta injini ikiwa baridi kabisa uangalie kulanti. Ikiwa inapungua wiki hadi wiki bila tone chini ya gari, huenda gasketi ya hedi inavujisha maji kwenye silinda usiku, plagi inaloa, na silinda inakosa moto hadi maji yakauke, mara nyingi kwa moshi mweupe wenye harufu tamutamu. Hilo ni onyo la mapema, na kulisikia sasa ni nafuu kuliko kulisikia hedi ikiwa imepinda. Kama kulanti haipungui, rudi kwenye plagi na nozeli inayovuja. Ukisikia pia mlio wa mnyororo sekunde za kwanza za kuwasha, mtajie fundi taimingi cheni.

Lini usiendeshe

Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, nenda gereji siku hizi mbili tatu. Ikipepesa, simama. Inapepesa kwa sababu petroli isiyoungua inamiminika kwenye ekzosi, na masega yanaweza kuyeyuka. Utakuwa umegeuza gharama ya koili moja kuwa gharama ya ekzosi. Simama pia ukinusa petroli, joto likipanda, au breki ikiwa ngumu ghafla pamoja na mtetemo, kwani mpira wa busta unaweza kuwa umechomoka.

Namna ya kuongea na fundi

Usiingie gereji na kusema "gari linatetemeka." Ingia na karatasi yako: "Fundi, injini ikiwa ya moto, N inasoma 700 na imetulia. Nikitia D inasoma 650, inatikisika, mtetemo wa mfululizo. Kiyoyozi hakibadilishi kitu. Video hii hapa." Fundi mzuri atafurahi, maana umemfupishia nusu ya kazi. Yule wa ramli ataona kwamba ramli yake leo itaombwa ushahidi.

Kubalianeni mambo mawili kabla spana haijashikwa. Moja, kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati, na gari lijaribiwe kabla ya kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo na gari likapona, hujui ulilipia nini. Mbili, kila spea iliyotolewa urudishiwe mkononi. Hata kama utaitupa, umeiona.

Kisha fanya ambalo wengi hawafanyi. Siku gari limepona, rudia vipimo vyote vya mwanzo na uandike namba zake nyuma ya daftari la sevisi: RPM kwenye P, N, D na R, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na kikiwa kimewashwa, na tarehe. Weka tena ile chupa kwenye kishikio, gia D, mguu kwenye breki, rekodi sekunde kumi za maji yakiwa yametulia. Mwaka ujao ukianza kujiuliza kama gari linatetemeka au ni mawazo yako tu, hutahitaji kumuuliza mtu. Utafungua simu, utaweka chupa, utalinganisha.